Mpeleka Barua na Magitaa Yake

Katika bendi za nyuzi za milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, gitaa hupewa kazi ambayo haipigiwi makofi. Fidla ndiyo inayoshika wimbo. Banjo huuzunguka wimbo huo noti kwa noti, haipumui. Mandolini ikiwepo hukata mapigo kwa juu, na besi kubwa ya kusimama hutembea chini. Gitaa liko katikati yao: kidole gumba kinagonga uzi mnene, mkono unateremka kwenye nyuzi nyembamba, gumba tena, mkono tena, hata dakika kumi mfululizo iwapo wachezaji hawajachoka. Msikilizaji wa kawaida hulisahau kabisa. Mpiga gitaa akikatikiwa uzi ndipo anaposhtuka kuwa kuna kitu kimeondoka: fidla inaanza kukimbia, banjo inaifuata, na wachezaji hawajui tena wauweke wapi mguu.

Yuko mtu mmoja asiyeweza kulisahau, naye ni fundi aliyelitengeneza. Yeye akisimama pembeni ya jukwaa haisikii bendi jinsi sisi tunavyoisikia. Sikio lake linapenya katikati ya fidla na banjo kwenda kutafuta ubao mmoja mwembamba anaoujua kwa vidole, ubao alioukwangua mwenyewe mpaka akaogopa kuendelea. Naandika habari za fundi wa namna hiyo kwa sababu naamini kazi yake humalizikia pale, mikononi mwa watu wengine, katikati ya vishindo vya ngoma ya watu wengine.

Jina lake ni Wayne Henderson. Alizaliwa mwaka 1947 huko Rugby, kijiji kidogo cha kaunti ya Grayson katika jimbo la Virginia, karibu na mpaka wa North Carolina. Eneo hilo limetawaliwa na mlima Whitetop pamoja na jirani yake Mount Rogers, wenye mita 1,746, mrefu kuliko milima yote ya Virginia. Kwa zaidi ya miaka 30 Henderson alikuwa mpeleka barua wa vijijini. Barua zikiisha, aliingia karakanani. Mwaka 1995 alitunukiwa National Heritage Fellowship, heshima ya juu kabisa ambayo Marekani huwapa wasanii wa sanaa za jadi. Aliistahili mara mbili, maana zaidi ya kutengeneza gitaa yeye mwenyewe ni miongoni mwa wapigaji hodari kabisa wa gitaa nchini mwake.

Kuna jambo linalonivutia katika historia ya chombo hiki milimani kule. Fidla ilifika mapema, ikiwa mikononi mwa wahamiaji kutoka Uingereza, Uskoti na Ireland. Banjo ilitokana na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Jamaa yake wa karibu, akonting ya Wajola, bado inapigwa Senegal na Gambia. Gitaa ndilo lililochelewa. Lilienea milimani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na magitaa mengi yalifika kwa posta, yakiagizwa kutoka kwenye katalogi za maduka makubwa ya Chicago kama Sears, Roebuck. Familia ilichagua picha kwenye karatasi, ikatuma fedha, ikasubiri mzigo. Kwa hiyo gitaa lilipanda milima ile pamoja na barua, na vizazi viwili au vitatu baadaye mpeleka barua akawa ndiye fundi anayelitengeneza kwa mikono yake.

Utotoni mwa Henderson, kule Rugby alikuwako mpiga gitaa aitwaye E.C. Ball, mwimbaji wa nyimbo za dini na za zamani, ambaye mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo Alan Lomax alimfuata huko huko kumrekodi. Ball alikuwa na gitaa la kampuni ya Martin, toleo la D-28, lenye uso mpana na sauti nzito. Kwa mtoto wa mkulima lilikuwa kitu cha kutazamwa tu. Wayne alilitazama mpaka akalihifadhi kichwani, kisha akaamua atajitengenezea la kwake.

Mbao aliipata nyumbani: akabandua ubao wa chini wa droo ya kabati la nguo. Gundi aliyoipata ilikuwa ile ya kubandikia mipira ya milango ya gari. Gitaa likasimama, likaonekana gitaa, mpaka siku ya joto ilipofika. Gundi ikalainika na chombo chote kikafunguka. Baba yake alipoona huzuni ya mwanawe hakumwambia aache. Alimpakia kwenye gari akampeleka kwa Albert Hash.

Hapa lazima nitue kidogo, kwa sababu bila Albert Hash hakuna Wayne Henderson. Hash, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1983, alikuwa fundi wa fidla kule Whitetop. Alijichongea fidla ya kwanza akiwa bado mtoto, na ujanani alipiga pamoja na Henry Whitter, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kurekodi nyimbo za milima ile. Maishani mwake alifanya kazi ya vyuma na mashine, lakini fidla hakuiacha. Aliongoza Whitetop Mountain Band, bendi ya asili iliyochezesha watu wa pande zile, na alipiga nayo kwa vyombo vilivyotoka mikononi mwake. Shemeji yake, Thornton Spencer, alijifunza fidla kwake; Emily, mkewe Thornton, akashika banjo na kuimba; baadaye binti yao Martha akaingia. Elimu ya Hash haikuwa na mlango wa kufungwa. Mtu akija na swali alipewa jibu, na akija na kipande cha mti kibaya alionyeshwa kizuri. Kwa kijana aliyebeba gitaa lililofunguka alikuwa na maneno ya kumtia moyo na maelekezo ya mti gani, gundi gani. Henderson akarudi nyumbani akaanza upya.

Mafundi wengi hupata mwalimu wa kuchonga. Henderson alipata mwalimu aliyekuwa anachonga mchana na kupiga usiku, na nadhani hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote alizopata. Hash alimwonyesha kwa vitendo kuwa fidla haina sifa yake peke yake. Sifa yake ni jinsi inavyokaa na banjo ya jirani.

Sasa tuingie karakanani, tuutazame uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu la mviringo. Mbavu na mgongo vina mchango wao, na mti mzuri wa mgongo huongeza rangi ya sauti, lakini uso ndio unaotikisika na kusukuma hewa. Magitaa ya Martin yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambayo Henderson aliyachukua kuwa kipimo chake, yalitumia sprusi nyekundu, mti wa jamii ya misonobari unaoota kwenye baridi ya milima ya mashariki mwa Marekani. Kileleni mwa Whitetop na Mount Rogers miti hiyo ipo hadi leo. Mikubwa ya kutosha ubao wa gitaa ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya karatasi, nyumba na ndege za kivita, hata katikati ya miaka ya 1940 Martin wakalazimika kuhamia kwenye sprusi ya pwani ya magharibi. Mti huu ni mwepesi kwa uzito na mgumu kwa kupinda, na sauti hupita ndani yake kwa kasi kufuata mistari ya ukuaji wake.

Fundi huupasua ubao huo ili mistari isimame wima, iliyonyooka na kukaribiana. Kisha anaupasua tena katikati ya unene wake na kuzifungua pande mbili kama kurasa za kitabu, ili upande wa kushoto uwe kioo cha upande wa kulia. Anaziunganisha pande hizo kwa gundi, mshono usionekane. Baada ya hapo ni kupunguza: randa, kisha chuma cha kukwangulia, kisha msasa, mpaka unene ufikie karibu milimita tatu au chini ya hapo. Namba haimtoshi. Anaushika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, anauinua usawa wa sikio, anaugonga kwa kifundo cha kidole. Ubao mnene hutoa sauti fupi ya mlango. Anakwangua kidogo, anagonga tena. Taratibu sauti inashuka na kurefuka, mpaka unafika wakati ubao unaendelea kulia baada ya kidole kuondoka. Hapo ndipo mkono unapaswa kusita.

Ndani ya uso hubandikwa vijiti vya kuutegemeza, viwili vikubwa vikipishana umbo la herufi X chini ya tundu, vingine vidogo vikitawanyika pembeni. Mpangilio huu wa X ulitumiwa na Martin tangu katikati ya karne ya 19, na magitaa mengi ya nyuzi za chuma duniani yanaufuata. Fikiria mzigo uliopo: nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 75, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, juu ya ubao ambao ungeweza kuuvunja kwa goti. Vijiti vikiwa vinene gitaa litadumu sana na halitasema kitu. Vikiwa vyembamba mno litanguruma vizuri miezi michache, kisha uso utavimba nyuma ya daraja linaloshika nyuzi na shingo itaanza kuinama. Kati ya hayo mawili ndiko fundi anakoishi.

Henderson huvichonga vijiti hivyo kwa kisu cha kukunja. Ameketi, uso wa gitaa umelala mbele yake, ananyoa kijiti kutoka katikati kwenda ncha, maganda membamba yakidondoka. Hapimi kila mchongo. Anainua ubao, anagonga, anasikiliza, anarudi kwenye kisu. Kila ganda linalotoka limeondoka moja kwa moja. Hakuna namna ya kulirudisha. Watu wanaofika karakanani kwake kutoka mbali, wakitarajia mitambo ya ajabu, hukuta kisu ambacho babu zao wangekitumia kumenya tufaha, na mikono iliyozoea.

Mbavu hulowekwa na kupindwa kwenye chuma cha moto mpaka zikubali kiuno cha gitaa. Shingo, mara nyingi ya mahogani, hushikana na kiwiliwili kwa ulimi uliopanuka upande mmoja, unaokaza kadiri unavyosukumwa ndani ya tundu lake. Kichwani mwa gitaa huandikwa jina Henderson kwa gamba la chaza. Vyote hivyo ni kazi ya ustadi na vinastahili kurasa zake, ila mimi nitaendelea kurudi kwenye ule ubao na kile kisu.

Gitaa likimalizika, likatiwa nyuzi, nini hutokea? Fundi hulipiga. Henderson hulipiga kwa namna ambayo msikilizaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye rekodi za zamani angeielewa mara moja. Anavaa kijembe cha kupigia kwenye gumba na vingine kwenye vidole. Gumba linashika besi, vidole vinachezea wimbo juu, mtu mmoja anatoa sauti za wawili. Mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, aliimba kwa Kiswahili na kupiga kwa gumba na kidole cha shahada, besi na wimbo kwa pamoja, naye alipokuja Nairobi mwaka 1959 alifuatwa na wapiga gitaa wengi wa Kenya. Mitindo yao ni tofauti na hakuna aliyemwiga mwenzake. Kinachowakutanisha ni chombo: wote wawili walihitaji gitaa ambalo uzi mnene haumezi uzi mwembamba.

Hata hivyo gitaa linalopigwa na aliyelitengeneza, peke yake, karakanani, limeonja nusu tu ya mtihani. Mkono wa fundi unajua udhaifu wa chombo na unauepuka bila kujijua. Chumba ni kidogo, kuta zinarudisha sauti, hakuna wa kushindana naye. Mpiga gitaa wa bendi hana huruma hiyo. Yeye anataka mdundo, na ataugonga uzi wa chini kwa nguvu zote alizojaliwa kwa sababu fidla iko sentimita chache kutoka sikioni mwake.

Ninaposikiliza rekodi za bendi za milima ile, nimejizoesha kulifuata gitaa pekee tangu wimbo unaanza hadi unaisha, na ninawashauri wasomaji wajaribu. Ni zoezi gumu. Baada ya mizunguko miwili ya wimbo fidla inakuvuta, unajikuta umeondoka. Ukijikaza, unaanza kusikia mambo ambayo fundi huyasikia bila kujikaza. Noti ya gumba: je, inakoma kabla mkono haujashuka, au inabaki ikizagaa na kuchafua pigo linalofuata? Gitaa lenye besi nyingi mno huonekana tajiri likiwa peke yake, lakini ndani ya bendi hugeuka tope, na mpiga besi atalalamika. Mafundi wazuri wa kule hupenda besi inayopiga na kuondoka. Halafu unasikiliza usawa. Mpigaji anapohama kutoka G kwenda C, sauti inabaki na uzito ule ule au kuna uzi mmoja unaopiga kelele kuliko ndugu zake? Uzi unaopiga kelele mara nyingi ni habari ya kijiti kimoja ndani ambacho kilinyolewa zaidi ya wenzake, au hakikunyolewa vya kutosha. Fundi aliye pembeni ya jukwaa anajua ni kipi. Pengine anaikumbuka hata siku aliyokiacha hivyo.

Bendi inapopandisha kasi na kila mtu anapiga kwa nguvu, gitaa dhaifu hufika mahali likakataa. Unazidisha nguvu, halizidishi sauti, linakwaruza tu. Sprusi nyekundu inasifiwa na wapigaji kwa sababu hiyo hasa: ukiidai zaidi, inatoa zaidi. Basi wakati ambao sisi wengine tunapiga makofi kwa sababu fidla imewaka, fundi anasikia mlango wa chombo chake ukifunguka hadi mwisho, na hapo hapo anajua kama aliacha kunyoa kwa wakati.

Kuna tena suala la umri. Wapigaji na mafundi wengi wanakubaliana kuwa gitaa jipya ni bubu kwa kiasi, na kwamba kupigwa kwa miaka hulifungua. Kwa maana hiyo fundi anayelisikia gitaa lake kwenye bendi baada ya miaka kumi anasikia kitu ambacho hakikuwepo siku alipolikabidhi. Sehemu ya sauti hiyo ameiweka mpigaji, kwa gumba lake, kwenye ngoma za vijijini na kumbi za kanisa. Nauona huo kuwa ushirikiano wa heshima sana: mmoja ameanza kazi kwa kisu, mwingine ameiendeleza kwa mkono, na hawakukaa meza moja hata siku moja.

Milima ya Grayson imempa Henderson nafasi ya kusikia hivyo mara nyingi kuliko mafundi walio wengi. Mji wa Galax, pale jirani, una mashindano ya wapiga fidla na vyombo vingine yaliyoanza mwaka 1935 na ambayo yeye ameyashinda mara kwa mara. Na tangu mwaka 1995 kuna tamasha lenye jina lake, hufanyika mwezi Juni kwenye hifadhi ya Grayson Highlands, chini ya milima ile ile yenye sprusi. Ndani ya tamasha kuna mashindano ya gitaa, na mshindi hupewa gitaa lililotengenezwa na Henderson. Hebu tafakari kinachofanyika hapo. Watu hulipia magitaa ya namna hiyo pesa nyingi, wakipata nafasi. Yeye kila mwaka anamkabidhi moja mtu aliyethibitisha mbele ya umma kuwa atalipiga.

Kuhusu nafasi ya kupata gitaa lake, sifa zake zimefika mbali. Mpiga gitaa mashuhuri Eric Clapton alilijaribu gitaa la Henderson studioni, akaagiza la kwake, na akasubiri takriban miaka kumi. Mwandishi Allen St. John alikaa karakanani Rugby gitaa hilo likitengenezwa, akatoa kitabu mwaka 2005. Habari hiyo inapendwa sana na wanaopenda majina makubwa. Mimi ninachokiheshimu ni kwamba katika miaka hiyo kumi Henderson hakuwa amelala. Alikuwa akitengeneza, na majirani, marafiki na wapigaji wa pale pale milimani walipata magitaa yao kabla ya nyota wa London. Inajulikana pia kuwa anayatoza bei ndogo kuliko ile ambayo magitaa hayo huuzwa baadaye, yakibadilisha mikono. Angetaka, angejaza foleni kwa matajiri watupu. Magitaa yake yangekaa kwenye makabati ya vioo, yakiwa na unyevu uliopimwa, na yeye asingeyasikia tena.

Mwenzi wake, Helen White, aliyefariki mwaka 2019, alilielewa jambo hilo kwa upande wa watoto. Alikuwa mpiga fidla, na mara nyingi walipiga wawili. Mwaka 2000 alianzisha huko Sparta, North Carolina, mpango wa Junior Appalachian Musicians, unaowafundisha watoto wa shule fidla, banjo na gitaa baada ya masomo, na ambao umeenea katika majimbo kadhaa ya milima ile. Chombo bila mpigaji ni samani. Helen White alitengeneza wapigaji.

Binti yake Henderson, Jayne, alisomea sheria ya mazingira na akamaliza masomo akiwa na deni. Akamwomba baba amtengenezee gitaa auze, apunguze deni. Baba akamwambia aje atengeneze mwenyewe. Akaja, akashika kisu, hakurudi tena kwenye ofisi. Leo ni fundi mwenye jina lake, na ana msimamo ambao unatugusa sisi moja kwa moja: anapenda kutumia miti inayopatikana karibu na kwao badala ya miti adimu ya nchi za joto.

Hilo linatuleta kwenye mti. Mgongo na mbavu za magitaa yale ya zamani ya Martin vilitokana na mti wa Brazili wa jenasi ya Dalbergia. Ulivunwa mno hata biashara yake ya kimataifa ikafungwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1992. Katika jenasi hiyo hiyo yumo ndugu yake tunayemjua vizuri: Dalbergia melanoxylon, mpingo, mti wa taifa wa Tanzania. Dunia inaupigia magoti kwa ajili ya klarineti na obo. Mafundi wa gitaa nao wanautaka kwa ubao wa vidole, ule unaofunika shingo, na kwa daraja, na wachache wanaoupata kwa upana wa kutosha hutengenezea mgongo na kusema sauti yake inalia kama kengele. Ni mzito hata unazama majini, unapinda, unapasuka, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Tangu mwaka 2017 nao umo katika orodha ya CITES, pamoja na jenasi yake yote, ili biashara yake isimamiwe. Na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kwa misitu yao ya asili, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, kazi iliyofanywa pamoja na shirika la kuhifadhi mpingo la huko huko Kilwa. Kwa hiyo tunao mti, tunao watu wanaojua kuutunza, na tunao Wamakonde ambao hakuna wa kuwafundisha jinsi ya kuuchonga.

Bendi tunazo pia. Kuanzia kumbi za dansi za Dar es Salaam hadi mabaa ya Mombasa na Lubumbashi, kuna watu wanaocharaza gitaa kila wikendi, na wengi wao wanacharaza la kiwandani lililotoka mbali. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Gitaa la kiwandani linapatikana dukani na la fundi halipatikani. Ninachoomba ni kwamba vyuo vya ufundi na vya sanaa vinavyofundisha useremala mlango mmoja na muziki mlango mwingine vifungue ukuta huo. Mwanafunzi wa useremala akae darasani kwa wapigaji, asikie chombo kinadaiwa nini.

Na wewe seremala unayesoma hapa, wa Lindi, wa Tanga au wa Likasi, usingoje chuo. Ubao wa vidole wa gitaa hauhitaji gogo: kipande cha mpingo halali chenye urefu wa nusu mita, upana wa sentimita saba na unene wa sentimita moja kinatosha. Anza kwa kutengeneza shingo ya gitaa bovu la mtu unayemfahamu. Likipona, mrudishie siku ana onyesho, kisha nenda ukalisikilize likiwa ndani ya bendi.